Kuagiza historia ya uongozi wa taasisi ya umma: dhana potofu na ukweli, kutoka NASA hadi masjala za Tabora na Kigoma

Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1958. Mwaka uliofuata, mkuu wake wa kwanza, T. Keith Glennan, alikuwa ameshaunda ofisi ya historia ndani ya shirika. Tangu hapo wanahistoria wa nje wamekuwa wakipewa mikataba ya kuandika namna shirika hilo linavyoongozwa, mbali na roketi zake: nani huamua, nani ana uwezo wa kukataa, fedha hupitia mikono ya nani, na habari mbaya hupungua kiasi gani kabla ya kumfikia mkubwa. Mamlaka ya maji, chama kikuu cha ushirika au karakana ya reli vinaweza kuagiza kazi ya namna hiyo Kigoma au Tabora. Kinachoiharibu mara nyingi ni fikra zinazoingia kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, kabla mwandishi hajapatikana.

Dhana: Historia ya uongozi ni historia ya viongozi

Ukipanga sura kwa vipindi vya wakurugenzi, umeshatoa jibu kabla ya kufungua jalada la kwanza: kwamba kila badiliko lililetwa na mtu aliyekaa juu. Kazi hii huanza na swali kuhusu mbinu.

Mfano mzuri ni miaka ya Daniel Goldin, aliyeongoza NASA kuanzia 1992 hadi 2001. Kauli yake ilikuwa kufanya kazi haraka zaidi, vizuri zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Chombo kikubwa cha gharama kubwa kilichotumwa sayari ya Mirihi (Mars), Mars Observer, kilipopotea Agosti 1993, hoja ya kurusha vyombo vingi vidogo ilipata nguvu, na Mars Pathfinder ilipotua salama tarehe 4 Julai 1997 wengi waliona hoja imethibitika. Kisha mwaka 1999 Mars Climate Orbiter ikapotea Septemba na Mars Polar Lander ikafuata Desemba. Anayeandika kwa kufuata wakuu atasema Goldin alipanda kisha akashuka. Anayefuata mbinu atakwenda ndani zaidi. Programu ya kompyuta ya mkandarasi, Lockheed Martin, ilitoa vipimo vya msukumo kwa pauni-sekunde, na waongoza safari wa JPL, maabara ya NASA, wakavisoma kama niutoni-sekunde, tofauti ya karibu mara 4.45. Kosa hilo la vipimo linajulikana sana. La uongozi halijulikani hivyo: waongoza safari waliona mapema kwamba hesabu hazilingani, lakini wasiwasi wao ulipita kwenye mazungumzo na baruapepe badala ya fomu rasmi ya kuripoti tatizo. Kwa hiyo hakuna aliyewajibika kulifunga.

Kwa reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, swali la aina hiyo lingekuwa hivi: uamuzi wa matengenezo ulihamaje kutoka makao makuu ya reli ya Afrika Mashariki huko Nairobi, ulikokuwa hadi 1977, ukaenda Shirika la Reli Tanzania, ukaingia kampuni ya ubia na RITES ya India mwaka 2007, ukarudi serikalini, na katika kila kipindi fundi wa Tabora alisubiri saini ya nani ili apate kipuri? Swali kuu moja linatosha, pamoja na maswali madogo matatu hadi matano. Hadidu za rejea zisizidi kurasa sita, na zitaje miaka inayohusika na mambo yasiyohusika. Zikiandikwa "kuandaa historia ya taasisi tangu kuanzishwa," mwandishi atakuletea picha za wakurugenzi na takwimu za mapato, na hutakuwa na haki ya kulalamika.

Dhana: Anayelipa ndiye mwenye neno la mwisho

Anayelipa anastahili usahihi. Hukumu ya mwandishi hainunuliwi, na mkataba useme hivyo waziwazi. Kifungu kinachofanya kazi ni hiki: taasisi inapewa siku 30 kusoma rasimu, inaruhusiwa kusahihisha jina, tarehe, kiasi na nukuu, na kuonyesha sehemu zinazolindwa na sheria, kama siri za serikali au taarifa za mtu zinazoguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maoni yaandikwe kwa kutaja ukurasa, siku zikipita kimya, rasimu imekubaliwa. Mkibishana, jopo la watu watatu liamue: mmoja wa taasisi, mwanahistoria wa chuo kikuu na mtunza kumbukumbu asiye mtumishi wa taasisi hiyo.

Kisipokuwepo kifungu hicho, rasimu husambazwa kwa kila mkuu wa idara, kila mmoja anafuta aya inayomhusu, na miaka mitano ya madeni na migomo inabaki sentensi moja: "changamoto mbalimbali zilijitokeza." Sentensi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba fedha za umma zimepotea.

Kuficha hakudumu pia. Desemba 1965, Jenerali Samuel Phillips, mkurugenzi wa Apollo, programu ya NASA ya kupeleka watu mwezini, aliipelekea kampuni ya North American Aviation tathmini kali ya utendaji wake. Tarehe 27 Januari 1967 moto uliwaua wanaanga watatu, Grissom, White na Chaffee, ndani ya chombo kilichotengenezwa na kampuni hiyo. Wabunge wa Marekani walipochunguza ajali, habari za tathmini ile ziliibuka, na NASA ikajikuta ikijibu kwa nini haikuitaja mapema. Historia inayoruka karatasi kama hiyo huvunjwa na mtu wa kwanza anayeipata.

Dhana: Tusubiri wahusika wastaafu na majalada yafunguliwe

Historia ya utawala wa NASA ya miaka 1958 hadi 1963 ilichapishwa mwaka 1966, wahusika wengi wakiwa bado kazini. Tanzania, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 hufungua kumbukumbu kwa umma baada ya miaka 30. Ukomo huo unamhusu msomaji wa nje; taasisi inaweza kumpa mwanahistoria wake kibali cha kusoma majalada yake yenyewe, kwa barua inayotaja masjala ya wazi na, pale inapofaa, ya siri.

Kusubiri kuna gharama. Mchwa hawangoji miaka 30. Karatasi za faksi zinazochapwa kwa joto hufifia hadi maandishi yasisomeke, kwa hiyo zipigwe picha kabla ya kitu kingine chochote. Unyevu wa masika huotesha ukungu kwenye makabati ya ofisi zilizo karibu na ziwa, na pini za chuma huacha kutu inayokula folio, yaani karatasi zenye namba ndani ya jalada. Baruapepe ndizo hupotea kwa kasi kuliko vyote, hasa anwani ya ofisi inapobadilishwa na kisanduku cha zamani kufungwa bila nakala.

Dhana: Kila kitu kimeandikwa kwenye majalada

Usiku wa kuamkia kurushwa kwa Challenger, chombo cha NASA kilichovunjika angani muda mfupi baada ya kuruka, tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Thiokol huko Utah, kampuni iliyotengeneza roketi zake za msukumo, walituma kwa faksi chati zao wakipinga chombo kurushwa kwenye baridi. Chati zipo. Lakini katikati ya mazungumzo ya simu na wasimamizi wa NASA, watu wa Thiokol waliomba wajadiliane peke yao, na waliporudi kwenye simu msimamo ulikuwa umegeuka. Yaliyosemwa wakati ule tunayajua kwa sababu tume iliyoongozwa na William Rogers iliwauliza waliokuwemo chumbani. Mwenye chati tu angeona pingamizi na kibali, bila daraja kati yao.

Ndivyo ilivyo kwenye ofisi zetu. Barua iliyotoka ina uamuzi; ubishi umo kwenye dokezo. Ofisa wa chini anaandika hoja, mkuu wake anaongeza mstari kwa mkono, wa juu anaandika "nakubali" au "tuongee." Hilo "tuongee" ndilo mahali pa kwenda kuhoji. Anayepiga picha jalada apige madokezo yote, pande zote mbili, na aipe kila picha jina lenye namba ya jalada na namba ya folio. Picha zilizobaki na majina ya simu hugeuka rundo lisilotumika ndani ya wiki mbili.

Mahojiano yapangwe kuanzia kwa wazee, na kila mmoja apelekewe nakala ya karatasi aliyoiandika au kuisaini. Ukimuuliza mstaafu "uongozi ulikuwaje?" atakuambia ulikuwa mzuri. Ukimwekea dokezo lake la zamani mezani, atakueleza nani aligonga meza. Saa moja ya sauti huhitaji saa nne hadi sita za kuiandika, na zaidi pale mzungumzaji anapochanganya Kiswahili na Kiha au Kinyamwezi. Maneno yabaki kama yalivyotamkwa, tafsiri iwekwe chini yake. Rekodi kwa mfumo wa WAV, kilohezi 48 na biti 24, takriban gigabaiti moja kwa saa ukirekodi njia mbili, na tunza nakala tatu mahali tofauti. Fomu ya ridhaa isainiwe siku hiyohiyo, ikimpa mzee uchaguzi wa kuweka maneno yake wazi sasa, wazi baada ya miaka anayoitaja, au yatumike bila jina lake.

Dhana: Kumbukumbu ziko makao makuu

NASA ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo huko Tunguu, Zanzibar, kilichotumika mwanaanga John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 na kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Majalada ya Washington yanaweza kueleza bajeti na mitambo. Namna kituo kilivyoishi na wenyeji wake itafutwe Zanzibar.

MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ni mfano wa karibu. Iliunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kuanza tena kazi 1927. Ikawa chini ya reli ya Afrika Mashariki, kisha Shirika la Reli Tanzania, kisha kampuni ya meli yenye makao makuu Mwanza. Anayetaka kujua nani aliidhinisha matengenezo yake apange safari za Nairobi, Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma tangu kwenye bajeti, la sivyo ataandika kwa kukisia.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza kazi, fanya ukaguzi wa masjala. Watu wawili kwa siku kumi za kazi hutosha kwa ofisi ya kawaida ya mkoa: namba ya jalada, kichwa, juzuu, tarehe ya folio ya kwanza na ya mwisho, mahali lilipo, hali yake. Jalada lenye juzuu ya I na ya III bila ya II liandikwe hivyo. Wanafunzi wa utunzaji kumbukumbu wa Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, ambalo wengi bado wanaliita Uhazili, wanaiweza kazi hii vizuri na wanastahili posho ya haki. Jedwali hilo liambatishwe kwenye hadidu za rejea, ili waombaji wapange muda kwa kitu kilichopo.

Dhana: Aliyetaja bei ndogo achukuliwe

Hii ni huduma ya ushauri, si ununuzi wa saruji. Hata zabuni ikipita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, inafaa kupimwa kwa ubora na gharama, alama 80 kwa 20, na kila mwombaji aombwe sura moja aliyowahi kuandika kutokana na nyaraka. Fedha nyingi ziende kwenye muda wa kusoma na kuhoji. Uchapaji ukizidi robo ya bajeti, mmeagiza kitabu cha picha.

Dhana: Kitabu kikitoka, kazi imekwisha

Rekodi, maandishi ya mahojiano, fomu za ridhaa na picha za folio ni mali itakayotumika muda mrefu kuliko kitabu. Mkataba useme ni za nani, zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuzisoma. Njia inayofanya kazi ni kuzuia asilimia 15 ya malipo mpaka mtunza kumbukumbu asaini kwamba amepokea nakala zote, amefungua kila faili kwenye kompyuta na kuhakikisha sauti inasikika mwanzo hadi mwisho.