Mgongo wa mtoto hufunga kabla mama hajajua ana mimba

Mama aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi huwa na swali moja, na mara nyingi husubiri ndugu watoke nje ndipo aniulize: "Daktari, nilikosea wapi?" Wengine wanakuja na jibu lao tayari. Alinyanyua mzigo mzito. Aligombana na mumewe. Alimcheka mlemavu. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloacha mgongo wa mtoto wazi, na inaniuma kila ninapoona mzigo huo ametwishwa na watu wake wa karibu.

Kinachotokea ni hiki. Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutunga, kiinitete, yaani mtoto katika hatua yake ya mwanzo kabisa, bado ni bapa, kina urefu wa milimita chache tu. Juu yake kuna utepe wa seli ambao kingo zake mbili huanza kuinuka, zikasogeleana, zikakutana na kushikana kuwa mrija. Sehemu ya juu ya mrija huo ndiyo itakayokuwa ubongo, na iliyobaki uti wa mgongo. Kingo huanza kushikana sehemu ya shingo karibu na siku ya 22, kisha ufungaji huendelea kwenda juu na chini. Tundu la juu hufunga karibu na siku ya 25, la chini karibu na siku ya 28. La juu lisipofunga, ubongo na fuvu havikamiliki na mtoto hawezi kuishi. La chini lisipofunga, ndiyo mgongo wazi.

Sasa hesabu. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, siku hiyo ya 28 tangu mimba itunge inaangukia takriban wiki mbili baada ya tarehe aliyotarajia kuona siku zake. Wengi wakati huo ndiyo kwanza wanaanza kuhisi jambo. Anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu au minne atapewa vidonge vya asidi ya foliki, aina ya vitamini B, na avimeze, kwa sababu damu yake inavihitaji. Lakini kwa mgongo wa mtoto, muda ulishapita.

Ndiyo maana nasisitiza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti ulioongozwa na Waingereza kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hili: waliotumia miligramu 4 kwa siku walipunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 72. Dozi hiyo ni mara kumi ya ile ya kawaida na huandikwa na daktari. Tafadhali usiifikie kwa kumeza rundo la vidonge vya vitamini mchanganyiko, maana vitamini A ikizidi nayo humdhuru mtoto. Na kwa kuwa karibu nusu ya mimba duniani hazikupangwa, naunga mkono kwa moyo wote kuongeza kirutubisho hiki kwenye unga, kama Marekani ilivyolazimisha tangu 1998.

Je, kinazuia kila kitu? Hapana. Wapo wanaomeza kwa uaminifu na bado mtoto akazaliwa na mgongo wazi, kwa sababu jeni nyingi zinahusika, za mama na za baba. Hapo hakuna aliyezembea.

Matatizo mengine yana njia tofauti kabisa. Mtoto mwenye hali ya Down, inayoathiri akili na ukuaji, kwa mfano, mara nyingi ana kromosomu 21 tatu badala ya mbili kwa sababu yai au mbegu iligawanyika vibaya kabla mimba haijatunga. Hakuna kidonge cha kulizuia hilo. Uwezekano wake ni karibu 1 kati ya 1,250 kwa mama wa miaka 25, na karibu 1 kati ya 100 akiwa na 40. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ni habari nyingine: wazazi wote wawili wakibeba jeni yake moja moja, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mgonjwa. Kila mimba, narudia. Kupata mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata wamesalimika.

Dawa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Zamani wengi waliamini kondo la nyuma huzuia sumu zote, mpaka thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia na wajawazito kutuliza kichefuchefu, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni huko 1961, ikaacha watoto zaidi ya 10,000 duniani wakiwa na mikono na miguu isiyokamilika. Leo swali langu la kwanza kwa mwanamke mwenye kifafa ni kama anatumia valproeti, mojawapo ya dawa za kifafa, kwa sababu takriban mtoto 1 kati ya 10 walio tumboni inapotumika huzaliwa na kasoro za mwili, mgongo wazi ukiwemo. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako. Degedege nayo inaweza kukuua wewe na mtoto. Nenda kwa daktari miezi kadhaa kabla ya kutafuta mimba, ukiwa na pakiti za dawa zako zote mkononi, ili mabadiliko yafanyike taratibu. Mwenye kisukari afanye hivyohivyo, maana sukari ya wiki zile za kwanza ndiyo inayougusa moyo na mgongo wa mtoto.