“Jua nimelizoea” na dhana nyingine zinazowaangusha vibarua

Kibarua kichwa kinamgonga, misuli ya miguu imekaza, mkojo umekolea rangi. Ukimuuliza amekunywa maji kiasi gani anakujibu: “Daktari, mimi jua nimelizoea.” Jibu hili limenichosha. Nyapara wake naye hulirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Kuzoea joto kupo. Ukifanya kazi juani siku 7 hadi 14 mfululizo, mwili huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi ndani yake hupungua. Nasema tena: jasho kwa wingi zaidi. Kwa hiyo aliyezoea anahitaji maji mengi zaidi, si machache. Na mazoea hayo hayakai. Ukikosa shamba wiki moja kwa ugonjwa au msiba, sehemu yake imeshapotea.

Kukulia kwenye joto nako si sawa na kulima kwenye joto. Misuli inayopiga jembe ni jiko: sehemu kubwa ya nishati inayoitumia huishia kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, jasho linachuruzika tu bila kukauka, na mwili haupoi.

Mgeni shambani ndiye yuko hatarini zaidi. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba siku ya kwanza afanye asilimia 20 ya kazi ya kawaida juani, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Nani anafuata? Akilipwa kwa kipande anapewa mistari ileile ya mkongwe, naye anajikaza asiitwe mzembe.

Wanaojisifu kwa mazoea wawatazame wakata miwa wa El Salvador na Nicaragua. Vijana, wazoefu wa jua haswa, bila kisukari, lakini figo zao zimekufa. Chanzo bado kinajadiliwa, ila kazi nzito kwenye joto na kukaukiwa maji siku hadi siku vinashukiwa sana. Halafu mtu anameza diklofenaki ya maumivu ya mgongo asubuhi na kuingia shambani! Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, tena mwili ukiwa umekauka. Acheni.

“Nikisikia kiu nitakunywa.” Kiu huchelewa. Kunywa robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kuzidisha lita 1.4 kwa saa, maana maji yakipita kiasi huzimua chumvi ya damu.

“Bado anatoka jasho, si kiharusi cha joto.” Kiharusi cha joto ni mwili kushindwa kujipoza hadi akili inavurugika, na anayeanguka nacho akiwa kazini mara nyingi amelowa chapachapa. Angalia akili: anaongea ovyo, anayumba, hajui alipo. Mvute kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku mwenzako akitafuta gari. Paracetamol haisaidii, hii si homa.

“Mapumziko yanakula kazi.” Hili ni la wenye mashamba. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba kwenye nyuzi 33 hadi 34, anayefanya kazi ya nguvu ya wastani hupoteza nusu ya uwezo wake. Saa mnazozibania zimeshaliwa na jua. Anzeni alfajiri, na pipa la maji lisogee pamoja na wafanyakazi, lisibaki getini. Anayelipwa kwa kipande hataacha mstari wake kufuata maji ya mbali. Kila hatua anakatwa pesa.