Krapi hawakimbilii tope wakati wa joto

Baadhi ya wavuvi wa ndoana kusini mwa Marekani huamini kwamba jua likiwaka, krapi (samaki wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini) hushuka hadi sakafuni mwa ziwa, basi chambo nacho kizamishwe mpaka kiguse tope. Sivyo. Katika ziwa dogo lenye kina cha mita 6 au 8, maji ya kiangazi hujigawa matabaka: ya juu yana joto, ya chini yamepoa lakini yameishiwa oksijeni, kwa sababu mabaki yanayooza huitumia na upepo hauwezi kuyachanganya. Krapi huelea juu kidogo ya mpaka wa matabaka hayo, mara nyingi mita 2 hadi 4 kutoka juu, kando ya miti iliyozama.

Tena hula kwa kupanda. Chambo kikipita chini yao ni kazi bure. Anza mita 1.5, kisha shusha nusu mita kila baada ya dakika chache. Kisamaki hai cha sentimita 4 au 5 kinatosha, na chubwi ya gramu 2. Kikirudi kimekufa haraka bila kuguswa, huenda umevuka mpaka, pandisha. Boya likizama, inua ufito taratibu: mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi, ukinyakua unachanika.