Maua ya msimu: mengi mnayoambiwa sio kweli

Juzi jirani yangu hapa Dar kanionyesha petunia zake zimelala chini zote, anasema "dada mimi sina mkono wa maua". Jamani mkono anao! Tatizo tumeshaaminishwa kwamba maua haya ukishapanda yanadumu kama waridi au bougainvillea. Hapana. Zinia na marigoldi yanaota, yanachanua, yanatoa mbegu na yanakufa, ni miezi michache tu basi, unang'oa unapanda mengine, ndo maana yanaitwa ya msimu.

Halafu kuna hili la "sisi huku hatuna misimu, panda chochote wakati wowote". Tunayo misimu, ni ya mvua na joto. Petunia huku pwani isubiri kipupwe, Juni hivi, ukiipanda Januari unaitesa. Vinka (asili yake Madagaska) ni kinyume kabisa, kiangazi inachanua jua linawaka, ila masika kwenye udongo unaotuamisha maji shina linaoza kwa chini linakuwa jeusi, mche unanyauka wakati udongo umelowa chapachapa, na mtu akiona umenyauka anaongeza maji!! Hapo ndo umeumaliza. Inua tuta hata sentimita 15, uchanganye na mchanga, maji yapite.

Lingine linalokula hela za watu: "chagua mche uliojaa maua". Mimi nachukua mfupi, wenye matawi mengi na vitumba ndo kwanza vinatokeza. Ukifika nyumbani chana kiriba (kile kifuko cha plastiki cha mche) uangalie mizizi, mara nyingi utakuta imejizungusha imekuwa kama ngata ya kubebea ndoo, na ukiizika hivyohivyo itaendelea kuzunguka palepale haishiki ardhi. Ifumue taratibu kwa vidole. Na maua yaliyokuja nayo yakate yote sikuhiyohiyo, najua inauma sana maana ndo uliyoyalipia, lakini nguvu inaenda kwenye mizizi kwanza na baada ya wiki kadhaa kichaka chako kimefunga vizuri kila upande.

Mbolea nyingi haileti maua mengi. Urea ni naitrojeni 46%, utapata majani ya kijani ya kupendeza na maua mawili. Samadi iliyooza vizuri inatosha.

Eti marigoldi inafukuza wadudu wote? Mizizi yake inasaidia kweli dhidi ya minyoo fundo (vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi), ila uipande ijae eneo zima kwa miezi miwili mitatu, sio miche miwili pembeni ya nyanya. Na utitiri, vidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, wenyewe unaipenda sana kipindi cha ukame.

Na wale mnaosema kivulini hakuoti ua, hili linanigusa kwa kweli, kwa sababu impatiensi ni ua la kivuli na ni letu, la misitu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1882 Waingereza waliliandika kwenye vitabu vyao kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, na leo tunaliita ua la kizungu. Lipande chini ya mwembe, mche na mche sentimita 25 hivi, maji asubuhi kwenye shina sio juu ya maua, na usiache udongo ukauke kabisa.