Je, wajua kwa nini mwenye kutoa bomu hahukumiwi pamoja na mwenye kulirusha?

Tarehe 9 Agosti 2018, basi lililowachukua wanafunzi lilipigwa bomu katika soko la Dahyan, mkoa wa Saada, kaskazini mwa Yemen, na watoto 40 wakauawa. Ndege zilizoshambulia zilikuwa za muungano wa kijeshi unaoongozwa na Saudi Arabia, na bomu lenyewe lilitengenezwa Marekani. Hapa Unguja, ambako koo nyingi zina asili ya Hadhramaut, Yemen haihesabiwi kuwa nchi ya mbali. Pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, mzee mmoja alikitua kikombe chake cha kahawa kabla hajakimaliza, akauliza: "Basi huyu aliyeuza bomu, yeye hana kesi?"

Anaweza kuwa nayo, lakini si kesi ileile ya aliyelirusha. Hapa kwetu mwenye chombo hununua tanga, hulipia matengenezo na kuchukua fungu lake la samaki, ilhali anayekiendesha ni nahodha. Chombo kikipasua nyavu za watu, swali la kwanza litakuwa nani aliyeshika usukani, na je, mwenye chombo ndiye aliyemwagiza apite pale? Sheria ya kimataifa nayo huanzia hapo.

Kipimo hicho kiliwekwa katika kesi ambayo Nicaragua iliishitaki Marekani mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, kwa kuwafadhili waasi walioitwa Contra. Katika hukumu ya tarehe 27 Juni 1986, majaji 12 dhidi ya 3 walisema Marekani ilivunja sheria kwa kuwafunza waasi hao, kuwapa silaha na kuwagharimia, na kutega mabomu katika bandari za Nicaragua nako kukahesabiwa kuwa kosa la Marekani yenyewe. Lakini mauaji na mateso ambayo Contra waliwatendea raia hayakuhesabiwa kuwa matendo ya Marekani, kwa kuwa haikuthibitika kwamba iliwaongoza waasi katika operesheni zile zenyewe ambamo maovu hayo yalifanyika. Mahakama ilitamka wazi kwamba fedha, silaha, mafunzo, hata kushiriki katika kuchagua shabaha na kupanga mapigano, havikutosha peke yake.

Kwa maoni yangu kipimo hiki kimepandishwa juu mno, kwa sababu dola kubwa haina haja ya kutoa amri ya kila shambulio ikiwa risasi, mafuta ya ndege na mishahara vinatoka mkononi mwake. Mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani ilijaribu kukishusha mwaka 1999 katika kesi ya Duško Tadić, Mserbia wa Bosnia, ikasema udhibiti wa jumla juu ya kundi lenye silaha unatosha. Mahakama ya Haki haikukubali: mwaka 2007 iliamua kwamba mauaji ya kimbari ya mwaka 1995 katika mji wa Srebrenica, yaliyofanywa na jeshi la Waserbia wa Bosnia, hayakuwa tendo la Serbia, ingawa Serbia ndiyo iliyokuwa mfadhili wao. Hata hivyo iliitia Serbia hatiani kwa kosa jingine, la kutofanya lililo katika uwezo wake kuyazuia.

Wajibu huo wa kuzuia, pamoja na ule wa kutosaidia uovu ukijua kuwa ni uovu, ndio mlango uliobaki wazi kwa swali la yule mzee. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inayataka mataifa kuiheshimu na pia kuhakikisha kwamba inaheshimiwa, na tarehe 20 Juni 2019 Mahakama ya Rufaa ya London iliamua kwamba serikali ya Uingereza ilikosea kisheria kutoa leseni za kuiuzia Saudi Arabia silaha bila kupima kama mashambulizi yaliyotangulia Yemen yalivunja sheria za vita. Leseni mpya zilisimamishwa, kisha mwaka uliofuata zikaanza kutolewa tena.

Sisi wa visiwani tunao mfano wa kale wa utaratibu uliokuwa bayana zaidi: tangu mwaka 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, nayo Uingereza ndiyo iliyosema kwa niaba yake mbele ya mataifa. Taifa tegemezi la leo, linalopigana kwa silaha na fedha za mfadhili, lina bendera yake na kiti chake Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mfadhili husema kwamba ile ni nchi huru na matendo yake ni yake.

Ikiwa hukumu itapatikana, inabaki kazi ya kuitekeleza. Mwaka 1986 Nicaragua ilikwenda Baraza la Usalama kutaka hukumu yake iheshimiwe, Marekani ikapiga kura ya turufu. Mwaka 1991 Nicaragua ikaiondoa kesi bila kulipwa fidia. Uganda, ambayo haina kura hiyo, ilitiwa hatiani mwaka 2005 kwa matendo ya majeshi yake huko Kongo, na pia kwa kutowazuia waasi kuwadhuru raia wa eneo la Ituri, huko huko Kongo, ilipokuwa inalikalia. Mwaka 2022 iliamriwa kulipa dola za Marekani milioni 325 kwa awamu tano, na awamu ya kwanza, dola milioni 65, ikailipa mwaka huohuo.