CD4 Imeshuka: Namba Hiyo Inahesabu Nini Hasa?

Mtu anayeishi na VVU akipata majibu ya CD4 yanayosoma 640, kisha kipimo kinachofuata kikasoma 540, huuliza swali moja: kinga yangu imekwenda wapi? Mara nyingi haijaenda popote. Kipimo hiki huhesabu seli T zenye CD4, aina ya chembe nyeupe za damu zinazosaidia kinga, na sehemu kubwa ya seli hizi hukaa kwenye tezi za limfu, wengu na utumbo. Zilizo kwenye damu ni chache tu zinazopita njiani. Idadi ya hizo zinazopita hubadilika ndani ya siku moja, na asubuhi huwa chini kuliko usiku. Mafua, ujauzito, dawa za steroidi, hata mazoezi makali kabla ya kutolewa damu, vyote huisogeza. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kiwango cha kawaida ni takriban 500 hadi 1,500 kwa kila maikrolita ya damu, na upana huo peke yake unatosha kukuonyesha kwamba tofauti ya mia moja si ya kukukosesha usingizi.

Kwanza, CD4 yenyewe si seli. Ni protini iliyochomoza kwenye utando wa nje wa seli. Zipo protini nyingi za aina hiyo, na zamani kila maabara iliziita kwa jina lake, mpaka wataalamu walipokutana Paris mwaka 1982 wakakubaliana kuzipa namba. Kwa seli T tunazozungumzia, namba tatu zinatosha: CD3, ambayo kila seli T iliyokomaa inayo, kisha CD4 na CD8, ambazo huzigawa katika makundi mawili makubwa. Ni kama beji ya shule: inakuonyesha mwanafunzi ni wa shule gani, haikuambii amesoma nini. Watu wawili wenye CD4 500 wanaweza kuwa na seli zinazotambua magonjwa tofauti kabisa.

Maabara tunatumia beji hizo kuhesabu. Damu iliyo kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi zinazong'aa, moja ya kushika CD3, nyingine ya kushika CD4. Seli hupita mojamoja mbele ya mwanga wa leza na mashine husoma rangi. Inayong'aa kwa rangi zote mbili ndiyo inayoingia kwenye hesabu. Yenye CD4 bila CD3 tunaiacha, kwa sababu monosaiti, chembe nyeupe za damu za aina nyingine, nazo zina CD4 kiasi, na tukizijumlisha tutampa mgonjwa kinga asiyokuwa nayo.

Seli T huanzia kwenye uboho wa mifupa lakini hukomaa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Kwa miaka mingi tezi hii ilidhaniwa haina kazi ya maana. Mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller, akiwa London, alichapisha matokeo ya kuiondoa kwa panya waliozaliwa muda mfupi tu uliopita. Panya hao walibaki na limfosaiti (kundi la chembe nyeupe ambalo seli T zimo) chache, wakadhoofika kwa maambukizi, na walipopandikizwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine, miili yao haikuikataa.

Seli inapoingia kwenye thaimasi haina CD4 wala CD8. Huanza kwa kukata na kuunganisha vipande vya jeni zake ili kutengeneza kipokezi, protini ya juu ya seli ambayo hutumia kutambua adui, na kwa kuwa uunganishaji huo ni wa kubahatisha, karibu kila seli hutoka na kipokezi cha peke yake. Kisha huvaa CD4 na CD8 zote mbili kwa pamoja, na hapo mchujo unaanza. Mchujo wa kwanza huangalia kama kipokezi kinaweza kushika HLA, molekuli ambazo seli za mwili hutumia kuonyesha vipande vya protini zilizomo ndani yake. Kisichoshika kabisa, seli yake hufa. Kikishika HLA ya daraja la pili, seli hubaki na CD4 na kuacha CD8. Kikishika ya daraja la kwanza, huwa kinyume chake.

Mchujo wa pili ndio unaonistaajabisha zaidi. Kwenye sehemu ya ndani ya thaimasi, jeni iitwayo AIRE huzifanya baadhi ya seli za tezi zitengeneze protini zisizo za hapo, hata insulini ambayo kikawaida ni kazi ya kongosho. Seli T inayozikamata kwa nguvu huuawa, au huelekezwa kwenye kazi ya kutuliza kinga badala ya kushambulia. Watoto wanaozaliwa na AIRE yenye hitilafu hushambuliwa na kinga yao wenyewe, hasa kwenye tezi za homoni. Kati ya seli mia zinazokulia humo, zinazotoka hazifiki tano.

Zinazotoka na CD8 huua. Zikikuta seli yenye virusi huitoboa kwa protini iitwayo perforini na kuingizia vimeng'enya vinavyoifanya ijiue. Zenye CD4 husaidia: huzipa seli B idhini ya kutengeneza kingamwili bora, na huzichochea makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, ziue bakteria zilizozimeza, wakiwemo wa kifua kikuu. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinakuonyesha kazi hiyo kwa macho. Ule uvimbe mgumu unaopimwa kwenye mkono baada ya saa 48 hadi 72 hutokana na seli T zenye kumbukumbu ya bakteria hao, zilizokusanyika hapo na kuita nyingine. Mtu ambaye CD4 zake zimeshuka sana anaweza asivimbe kabisa ilhali maambukizi anayo. Lipo pia kundi dogo lenye CD4 na CD25, linaloongozwa na jeni ya FOXP3, ambalo hutuliza kinga. Ugunduzi wake uliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

VVU huishika CD4 yenyewe ili kuingia ndani ya seli, akisaidiwa na kipokezi kingine, mara nyingi CCR5. Ndiyo sababu anayeangushwa ni msaidizi, na magonjwa yanayofuata ni yale yaliyohitaji msaada huo: kifua kikuu, fangasi za mdomoni, homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, ambayo nayo ni fangasi.

Sasa turudi kwa anayetumia ARV vizuri, virusi havionekani, na CD4 bado haipandi. Thaimasi hufanya kazi kwa nguvu utotoni, na kuanzia balehe hujaa mafuta kidogokidogo. Aliyeanza dawa akiwa na miaka 50 na CD4 60 anategemea zaidi seli zilizobaki zizaane, kwa kuwa tezi yake inatoa mpya chache. Anaweza kukaa miaka chini ya 350, na hiyo haina maana kwamba dawa zimeshindwa. Kwa mtoto mambo huwa mepesi zaidi, mradi anakula: utapiamlo mkali husinyaza thaimasi.

Tangu Shirika la Afya Duniani liliposema mwaka 2015 kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 ishuke, wengine wanadhani kipimo hiki kimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba maendeleo ya dawa tunayafuatilia kwa wingi wa virusi. Lakini anayeanza dawa, na anayerudi kliniki baada ya kuziacha, wote wanahitaji CD4 hata kama wanajisikia wazima. Ikiwa chini ya 200, damu hupimwa pia antijeni ya kriptokoka, yaani chembe za fangasi huyo, ambayo huweza kuonekana wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, wakati vidonge vya flukonazoli, dawa ya fangasi, bado vinaweza kuzuia homa ya uti wa mgongo.