Sio kanisa la Yohana Mbatizaji, na maji hayakupeleki mbinguni: yanayosemwa kuhusu sisi Wabaptisti

Juzi msibani huku Mbeya mzee mmoja wa heshima aliniuliza nasali wapi, nikamwambia Baptisti, akaguna, akasema "aah, nyie wa Yohana Mbatizaji, mnaosali Jumamosi." Hapo hapo kakosea mara mbili, na wala simlaumu, maana hata washirika wetu wengine waliozaliwa humo humo ukiwauliza kanisa lao lilianzia wapi wanabaki kukuangalia tu. Mimi nimekulia humu tangu sandei skuli, nimeimba kwaya humu, nimefungia ndoa humu, na inaniuma kidogo kuona kanisa ninalolipenda linajulikana kwa mambo ambayo silo. Basi ngoja niyaseme.

"Lilianzishwa na Yohana Mbatizaji"

Hapana jamani. Yohana alibatiza Yordani, akawaelekeza watu kwa Yesu, hakuacha dhehebu nyuma yake. Wapo Wabaptisti wenzetu wanaofundisha kwamba kuna mnyororo usiokatika kutoka Yordani mpaka leo, nimeshawasikia kwenye semina, lakini historia haionyeshi hivyo. Tulikotokea panajulikana kabisa, ni Amsterdam, mwaka 1609.

Kulikuwa na kikundi cha Waingereza waliokimbia kwao kwa sababu kule mfalme ndo alikuwa mkubwa wa kanisa na kila mtu alitakiwa asali alivyoagizwa. Kiongozi wao aliitwa John Smyth, alikuwa kasisi wa Anglikana kabla hajatoka. Wakawa wanasoma Agano Jipya pamoja, wakaona kila anayebatizwa mle ni mtu aliyesikia, akaamini, ndipo akaingia majini, kwa hiyo ule ubatizo wao wa utotoni wakauona si ubatizo. Sasa nani aanze kumbatiza mwenzake wakati wote hawajabatizwa? Smyth akajibatiza mwenyewe halafu akawabatiza wenzake. Baadaye moyo ulimsuta kwa jambo hilo, akaomba kujiunga na Wamenoni, kundi jingine la Wakristo wanaobatiza watu walioamini tu, kundi likagawanyika, na mwenzake Thomas Helwys akarudi London na watu wachache tu wakaanza kukusanyika Spitalfields. Hilo ndo linahesabiwa kanisa la kwanza la Kibaptisti kwenye ardhi ya Uingereza.

Huyu Helwys natamani kila mtoto wetu amjue. Mwaka 1612 alitoa kitabu akimwambia mfalme James wa Kwanza waziwazi kwamba mfalme ni mtu wa kufa, sio Mungu, kwa hiyo hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Na hakuomba uhuru wa watu wake peke yao, alisema mtu awe mzushi, awe Mturuki (zamani hizo walikuwa wanamaanisha Mwislamu), awe Myahudi, serikali haina haki ya kumwadhibu hata kidogo kwa ajili ya imani. Mwaka 1612! Wakati huo kuna watu walikuwa bado wanachomwa moto kwa tofauti za dini. Akatupwa jela ya Newgate, na kufikia 1616 alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo ukimwona Mbaptisti anataka serikali iwabane watu wa dini nyingine, mkumbushe alikotoka.

Jina lenyewe hatukujipa, tulipewa na watu waliokuwa wanatubeza, likaganda.

"Ni Wasabato"

Sio. Karibu Wabaptisti wote tunasali Jumapili. Ila nakubali kuna undugu wa mbali, maana kuna tawi dogo la Wabaptisti wa Siku ya Saba lililoanza Uingereza miaka ya 1600, na mama mmoja wa tawi hilo, Rachel Oakes Preston, ndiye aliyepeleka fundisho la Sabato kwa Waadventista, ambao baadhi yao ndo walikuja kuwa Wasabato, kule New Hampshire, Marekani, mwaka 1844. Na William Miller ambaye mahubiri yake ndo yalizaa vuguvugu zima la Waadventista alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Basi. Tulishapita njia panda zamani, kila mtu kwake.

"Ni watu wa maji mengi, kwao usipozamishwa huokoki"

Hii ndo inanigusa zaidi, kwa sababu ni kinyume kabisa cha tunachoamini. Maji hayaokoi. Yule mnyang'anyi msalabani hakubatizwa na Yesu akamwahidi peponi siku ile ile. Mbaptisti anaokoka kwanza kwa imani, ndipo anabatizwa, na hatumbatizi mtu ili aokoke, tunambatiza kwa sababu ameokoka na sasa anataka kusema mbele za watu. Ni kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo kama ilivyo Warumi 6. Ndo maana hatuiti hata sakramenti, tunaita agizo, na maagizo tunayo mawili tu, ubatizo na meza ya Bwana.

Na kuna jambo wengi wetu hatuambiwi: wale wa kwanza kina Smyth walibatiza kwa kumwagia maji, hawakuzamisha. Kuzamisha mwili mzima kulikuja kushika kwenye miaka ya 1640 kule London, na ungamo la imani la 1644 likaandika kabisa kwamba ubatizo ni kuzamishwa. Yaani kilichotangulia kwetu ni swali la NANI abatizwe, swali la maji kiasi gani likafuata. Nikisikia watu wanabishana maji mengi, maji machache, naona wameshika mkia wakaacha ng'ombe.

Kama hujawahi kuona, kwetu kisima cha ubatizo kiko chini ya jukwaa, kimefunikwa kwa mbao. Jumamosi jioni vijana wanaondoa mbao wanaingiza mpira wa maji, unajaza usiku kucha. Mbeya hii, mwezi wa saba, yale maji asubuhi yanauma mifupa. Akina mama wanawafunga wasichana uzi kwenye pindo la joho jeupe ili lisielee wakiingia. Mchungaji anamuuliza mtu swali moja mbele ya kanisa zima, unamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako? Lazima ajibu mwenyewe kwa sauti, hata akiwa mwoga, hata akiwa na kigugumizi, tunamsubiri. Niliwahi kuona kijana akikwama kwenye neno "ndiyo" karibu dakika nzima, kanisa kimya, hakuna aliyemsaidia, hata mama yake, na alipolitoa watu walilia kabla hajagusa maji.

"Watoto wao wanaachwa kama wapagani"

Shangazi yangu ni Mmoravian, wao wanabatiza watoto wachanga, na Mbeya hii Moravian ndo kama baba wa nyumba. Mwanangu wa kwanza alipofikisha miezi sita alikuja na mkungu wa ndizi na swali lake. "Mwanangu, huyu mtoto mtamwacha hivi hivi mpaka lini? Likitokea la kutokea?" Hakuwa ananisema vibaya, alikuwa na hofu ya kweli, na hofu ya shangazi huwezi kuijibu kwa mstari wa Biblia huku umesimama. Nilikaa nikamwambia shangazi, mtoto tulimpeleka mbele ya kanisa mwezi uliopita, mchungaji akambeba akamwombea, na sisi wazazi tukaahidi mbele ya watu kumlea kwa Bwana. Hatuamini Mungu anamfungia mtoto mlango kwa sababu hajapata maji. Ila siwezi kuamini kwa niaba yake. Naweza kumpeleka klinik, kumlipia ada, kumchagulia shule, lakini hili moja lazima aje kulisema yeye. Shangazi akasema "haya, mimi nitamwombea" na anamwombea mpaka leo, mtoto ana miaka tisa na bado hajabatizwa na hatumsukumi.

"Ni kanisa la Wamarekani"

Hapa kuna ukweli nusu kwa hiyo nitakaa kidogo. Kweli kwa Kenya na Tanganyika wamisionari wa Kibaptisti kutoka kusini mwa Marekani waliingia 1956, wengine walikuwa wameshatumika Nigeria. Huku kwetu Mbeya walijenga hospitali ya kifua kikuu, wakati huo TB ilikuwa inamaliza watu, na Arusha wakafungua seminari mwaka 1962 ambayo baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Mount Meru. Hayo hatuyakatai na tunashukuru.

Lakini angalia majirani. Kongo Wabaptisti waliingia 1878, ni Waingereza, kina George Grenfell na Thomas Comber. Burundi walikuja Wadenmark mwaka 1928, ndo baadaye wakafika Rwanda. Na ukienda Goma leo utakuta CBCA, jumuiya ya makanisa ya Kibaptisti ya huko, ina hospitali zake kama Ndosho na Virunga, watu wanatibiwa humo vita ikiwepo na isipokuwepo.

Alafu kuna historia ambayo hatufundishwi kabisa. Kila mahali utasikia misheni ya Kibaptisti ilianzishwa na William Carey, fundi viatu Mwingereza. Ni kweli chama cha misheni kilianzishwa Kettering Oktoba 1792, sebuleni kwa mjane mmoja, wachungaji wachache wakaahidi paundi 13 na chenji kidogo, mwaka uliofuata Carey akaenda India na akakaa miaka saba ndo akambatiza Mhindi wa kwanza, fundi seremala Krishna Pal, desemba 1800. Napenda sana habari hiyo. Lakini karibu miaka kumi kabla Carey hajapanda meli, George Liele, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa Marekani akapewa uhuru, alikuwa ameshatoka Savannah akaenda Jamaica, kwa mkopo wa nauli ambao ilibidi aulipe kwa kazi ya miaka, na akaanzisha kanisa pale Kingston katikati ya watumwa. Hakutumwa na chama chochote. Na kutoka kwa Wabaptisti wa Jamaica ndo akaja shemasi Sam Sharpe, aliyeongoza watumwa kugoma kazi Krismasi ya 1831, ikageuka uasi mkubwa, akanyongwa Mei 1832, na mwaka uliofuata bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta utumwa. Leo ni shujaa wa taifa kule.

Na ya aibu nayo tuyaseme, hayafichiki. Umoja wa Wabaptisti wa Kusini, hao hao waliotuletea injili 1956, uliundwa Augusta, Georgia mwaka 1845 kwa sababu wenzao wa kaskazini walikataa kumtuma misheni mtu mwenye watumwa. Waliomba radhi rasmi 1995, miaka 150 ikiwa imepita. Martin Luther King, yule aliyepigania haki za watu weusi Marekani, naye alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, mtoto na mjukuu wa wachungaji wa Kibaptisti. Wote jina moja! Inawezekana hivyo kwa sababu Baptisti haina papa, haina makao makuu ya dunia yenye amri. Upo Umoja wa Wabaptisti Duniani ulioanza London 1905, na kila nchi ina konvensheni yake, ila hizo ni za kushirikiana, kusomesha wachungaji, kusaidiana kwenye maafa. Haziwezi kufunga kanisa lako wala kukuletea mchungaji usiyemtaka.

"Wamepoa, hawana Roho Mtakatifu"

Tunaamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kuna makanisa yetu ibada ni ya utulivu kama maktaba na kuna mengine spika zinatikisa madirisha. Sioni cha kuongeza.

"Mchungaji ndo mwenye kanisa"

Yapo makanisa ambayo mchungaji kajifanya mwenye mali, nimeyaona na yananisikitisha, lakini huo sio Ubaptisti. Kwetu wenye kanisa ni washirika. Wao ndo wanaomwita mchungaji, wanachagua mashemasi, wanapokea mshirika mpya, wanapitisha bajeti, na kura ya mchungaji ni moja. Hii inatoka kule kule kwa kina Helwys, kwamba kila aliyeamini ni kuhani mbele za Mungu, sasa utamnyamazishaje kuhani kwenye kikao?

Ukitaka kutujua usije siku ya ibada, njoo siku ya kikao cha washirika. Mwaka juzi tulikuwa na pesa ya kitu kimoja tu, kinanda kipya au mabati ya upande wa watoto ambako mvua ikinyesha wanahamia kona moja. Mchungaji alitaka kinanda, alieleza vizuri tu, na sisi wa kwaya tulikuwa nyuma yake mimi nikiwemo. Akasimama bibi mmoja ambaye huwa hasemi, amejifunga kitenge mabegani, akasema "mimi sadaka yangu ni mia tano, lakini wajukuu zangu ndo wanaloa," akakaa. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, katibu akahesabu mara mbili kwa sababu zilikaribiana. Mabati yalishinda. Mchungaji aliandika kwenye daftari lake, akaomba, na Jumatatu ndo yeye aliyeenda na fundi kuyanunua. Kinanda bado tunachangisha.